Uhuru Ilirushwa Kutoka Ngomeni

Nazungumza nanyi kutoka Woodley, hapa Nairobi kando ya Ngong Road, na nawasalimu majirani wote: mnaofunga vibanda pale Toi, mlio ndani ya matatu mkingoja foleni isonge pale Adams, na wewe mama uliyeweka redio dirishani huku chakula kikiwa motoni. Nawasalimu pia wenzetu wa pwani, hasa wa Malindi, Gongoni na Ngomeni, kwa sababu habari ya leo inaanzia kwao.

Leo tuzungumze juu ya anga. Sisemi anga ya mawingu na mvua. Nasema anga ya mbali kabisa, huko kwenye nyota, na vyombo ambavyo binadamu amevituma kwenda kuzitazama. Na katika habari hiyo nina swali moja ambalo mtanisikia nikilirudia: mambo yakiharibika, hasara ni ya nani? Liwekeni swali hilo akilini. Tutarudi kwalo.

Tuanze na tunalolijua. Mtu akianguka akavunjika mkono hapa Woodley, akipelekwa Hospitali ya Kenyatta, ambayo si mbali na sisi, hakosi kuambiwa aende akapigwe picha ya eksirei. Miali ile hupenya nyama, mfupa huizuia, na daktari anaona palipovunjika. Eksirei za hospitali hutengenezwa na mashine. Lakini je, mwajua kwamba ziko eksirei zinazotoka kwenye nyota? Ziko. Hutoka mahali penye joto la kupindukia, joto la mamilioni ya nyuzi: kwenye gesi inayovutwa na nyota zilizokwisha kufa, kwenye mabaki ya nyota zilizolipuka, na katikati ya makundi ya galaksi. Vitu hivi ukivitafuta kwa macho usiku, vingi huvioni kabisa. Kumbe kwa eksirei ndivyo vinavyong'aa kuliko vyote.

Basi kwa nini sisi huku chini hazitufikii? Ni kwa sababu ya hewa. Hewa hii tunayovuta ndiyo inayozizuia. Na heri izizuie, maana hata jua letu hutoa eksirei, na miili yetu haikuumbwa kuzistahimili kila siku.

Mnaokaa upande wa Dagoretti Corner mnaijua Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa. Wataalamu wa pale huachilia puto lenye kifaa kidogo kinachoning'inia chini yake. Puto hupanda likipima joto, unyevu na upepo, likizidi kutanuka kadiri linavyopanda, hadi kimo cha kilomita 30 hivi, kisha hupasuka. Kilomita 30 si mchezo. Ndege ya abiria ikitoka uwanja wa JKIA huruka kwenye kilomita 10 au 11 tu. Lakini hata kule ambako puto hupasukia, hewa kidogo iliyosalia juu yake bado inameza sehemu kubwa ya eksirei za nyota. Anayetaka kuzisoma vizuri hana budi kutoka nje ya hewa kabisa. Nalirudia hilo, kwa kuwa ndilo shina la habari yote: eksirei za nyota hazifiki ardhini. Ukizitaka, lazima uzifuate juu.

Wa kwanza waliozifuata walitumia roketi ndogo. Mwezi Juni 1962, kundi lililoongozwa na Riccardo Giacconi, Mwitaliano aliyehamia Marekani, lilirusha roketi kutoka jangwa la New Mexico. Walisema wanakwenda kutafuta eksirei zinazoakisiwa na mwezi. Roketi ilikaa juu ya hewa kwa dakika chache tu, ikaanguka. Eksirei za mwezi hawakuziona. Walichokiona ni chanzo kikali cha eksirei upande wa kundinyota la Nge, mbali kabisa nje ya mfumo wetu wa jua, kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Hebu fikirini: dakika chache zimeleta ajabu hiyo. Je, mtu akikaa kule juu mwaka mzima atakuta nini?

Na hapo ndipo pwani yetu inapoingia.

Mbele ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, katika Ghuba ya Ungwana, yamesimama baharini majukwaa ya chuma yenye miguu iliyozama hadi kwenye sakafu ya bahari. Moja huitwa San Marco, na ndilo la kurushia roketi. Jingine huitwa Santa Rita, na ndilo la kuongozea kazi. Yaliletwa na Waitaliano katika miaka ya 1960, kazi ikiongozwa na Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, ambaye kituo chenyewe sasa kinaitwa kwa jina lake. Wavuvi wa Ngomeni wameyazoea majukwaa hayo. Sisi wa Nairobi wengi hatujui hata kwamba yapo.

Tarehe 12 Desemba 1970, Wakenya tukiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi aina ya Scout ilinyanyuka kutoka San Marco. Juu yake ilibeba chombo cha kilo 140 hivi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa kazi ya kutazama eksirei za nyota. Chombo kilikuwa cha Wamarekani, wa shirika la NASA, lakini waliokirusha walikuwa Waitaliano. Ilikuwa mara ya kwanza setilaiti ya Marekani kurushwa na taifa jingine. Aliyesimamia mradi huo alikuwa mhandisi mwanamke, Marjorie Townsend, mwanamke wa kwanza kusimamia urushaji wa chombo cha Marekani cha anga. Huyo mama ndiye aliyependekeza kwamba chombo kile kiitwe Uhuru, kwa heshima ya wenyeji wake na ya siku yao. Kwa jina hilo kimeandikwa katika vitabu vya sayansi vya ulimwengu mzima mpaka leo. Mwanafunzi wa Tokyo au wa Roma akisoma elimu ya nyota, mapema sana atakutana na neno hilo letu.

Mtauliza, kwa nini walikuja mpaka Ngomeni? Marekani hawakuwa na pa kurushia? Walikuwa napo, tena pazuri. Lakini Ngomeni ilikuwa na faida zake. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na hapa kwenye ikweta mwendo wake ni mkubwa kuliko popote pengine, takriban kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka ikweta hupewa msukumo huo bure. Tena mashariki ya Ngomeni ni bahari tupu, kwa hivyo vipande vya roketi huangukia majini wala si juu ya mapaa ya watu. Na kubwa zaidi ni hili: kuna eneo juu ya Brazili na kusini mwa Atlantiki ambako chembe za umeme zilizonaswa na usumaku wa dunia hushuka karibu zaidi na ardhi. Setilaiti ikipita humo, vifaa vyake hupigwa na chembe hizo, huhesabu uongo, na vinaweza hata kuharibika. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hulikwepa eneo hilo kwa kiasi kikubwa. Kwa chombo kilichotaka utulivu ili kihesabu eksirei hafifu, njia ya ikweta ilikuwa ndiyo yenyewe.

Uhuru haikuwa na kioo wala lenzi. Ilikuwa na visanduku viwili vya gesi vyenye madirisha membamba ya madini ya berili, kimoja kikitazama upande huu na cha pili upande wa pili. Eksirei ikipenya dirishani inagonga gesi, umeme mdogo unatokea, na umeme huo unahesabiwa. Basi. Chombo chenyewe kilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, kikipekua anga ukanda baada ya ukanda, siku hadi siku, na kutuma hesabu zake chini.

Kilikuta nini? Upande wa kusini, karibu na Msalaba wa Kusini ambao sisi wa Nairobi tunauona vizuri kabisa jioni za mwezi Mei, kulikuwa na chanzo kilichowaka na kufifia kila baada ya sekunde 4.8, bila kukosea. Tena kila siku mbili na kidogo kilitoweka kwa saa kadhaa, kisha kikarudi. Wataalamu wakaelewa: ni nyota ya nyutroni, mabaki mazito ya nyota iliyokufa, inayozungukana na nyota kubwa hai na kuivuta gesi yake. Ikipita nyuma ya mwenzake, tunapoteza mwanga wake. Kabla ya hapo hakuna aliyejua kwa hakika eksirei hizo kali zinapata nguvu wapi. Sasa walijua: gesi inayoanguka kwenye kitu kizito mno hupata joto la kutisha, na joto hilo ndilo linalotoa eksirei.

Na upande wa kaskazini, kwenye kundinyota la Bata Maji, kulikuwa na chanzo kingine, Cygnus X-1, ambacho mwanga wake ulirukaruka upesi bila mpango wowote. Kwa msaada wa vipimo vya Uhuru na vya darubini za ardhini, katika miaka ya 1971 na 1972 wanasayansi walikihesabia uzito na kukuta kwamba hakiwezi kuwa nyota ya nyutroni. Ni kizito mno. Hicho ndicho kilichokuwa kitu cha kwanza ambacho wanasayansi walikikubali kwa uzito wote kuwa shimo jeusi. Kabla ya hapo mashimo meusi yalikuwa mambo ya hesabu za karatasini. Uhuru ikagundua pia kwamba ndani ya makundi ya galaksi, nafasi kati ya galaksi hizo, ambayo ilidhaniwa tupu, imejaa gesi ya moto. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Wasikilizaji, hayo yote yalianza mbele ya kijiji cha wavuvi katika Kaunti ya Kilifi. Nikiyasema haya huwa natamani kila shule ya Malindi iwe na picha ya chombo hicho ukutani.

Kati ya 1967 na 1988 majukwaa yale yalirusha setilaiti tisa, na zote tisa zilifika kwenye mizingo yake. Ariel 5 ya Waingereza, iliyoruka Oktoba 1974, ilikuwa ya eksirei pia, na SAS-3 ya Mei 1975 vilevile. Kufaulu mara tisa kwa tisa ni jambo la kujivunia, hasa ukikumbuka kwamba roketi za Scout katika miaka yao ya mwanzo zilikuwa zimeharibika mara nyingi. Lakini kufika juu si kumaliza kazi. SAS-2, iliyorushwa kutoka hapo Novemba 1972 kutazama miali ya gama, ilikuwa ikifanya kazi nzuri sana. Juni 1973 kifaa chake cha kugawa umeme kikafa. Miezi saba haijatimia, chombo kimenyamaza. Hakuna fundi wa kupanda huko na bisibisi.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mambo yakiharibika, hasara ni ya nani?

Nataka niwasimulie kwa urefu kidogo habari ya Wajapani, kwa sababu naona ina funzo kubwa kwetu kuliko habari nyingine yoyote katika kazi hii. Wajapani pamoja na NASA walitengeneza kifaa cha aina ya pekee cha kupima eksirei. Eksirei moja ikikigonga, kinapata joto kidogo sana, na joto hilo linapimwa. Ili kipime joto dogo namna hiyo, kinapozwa hadi karibu na baridi ya mwisho kabisa inayowezekana katika ulimwengu. Mwanasayansi Richard Kelley wa NASA ametumikia kazi hiyo kwa miongo.

Februari 2000 wakakirusha ndani ya setilaiti ASTRO-E. Roketi ikaharibika, chombo hakikufika. Wakajenga upya. Julai 2005 wakarusha Suzaku. Roketi ikafika salama, chombo kikafika salama, watu wakapongezana. Wiki chache baadaye, majimaji ya heliamu ya kupozea kifaa kile yakachemka yote yakapotelea angani. Vifaa vingine vya Suzaku viliendelea na kazi kwa miaka, lakini kile chenyewe, roho ya safari, kilikwisha kabla hakijaanza kazi. Wakajenga tena. Februari 2016 wakarusha Hitomi.

Hitomi ilifika. Kifaa kikapoa. Kikatazama gesi ya moto katika kundi la galaksi la Perseus, na vipimo vikaja vizuri kuliko vyovyote vilivyopata kuonekana. Wasikilizaji, baada ya miaka kumi na sita ya kungoja!

Halafu ikafika tarehe 26 Machi 2016. Hitomi ilikuwa imemaliza kugeuka kutazama kitu kingine. Kifaa kinachohisi mzunguko wake kikasema: tunazunguka. Haikuwa kweli, chombo kilikuwa kimetulia. Fikiria dereva kwenye Ngong Road anayeamini gari linavutwa kushoto ilhali liko sawa, naye anakata usukani kulia. Ndivyo ilivyofanya kompyuta ya Hitomi. Ikazungusha magurudumu yake ya ndani kuzuia mzunguko usiokuwepo, na kwa kufanya hivyo ikaanzisha mzunguko wa kweli. Magurudumu yakafika kikomo. Kompyuta ikakimbilia njia yake ya dharura, yaani kuwasha viroketi vidogo vya kutuliza chombo. Lakini maagizo ya viroketi hivyo, ambayo watu walikuwa wameyatuma wiki chache kabla, yalikuwa na makosa. Badala ya kutuliza, viroketi vikaongeza kasi. Hitomi ikazunguka, ikazunguka, mpaka paneli zake za sola zikakatika. Mwisho wa Aprili shirika la JAXA la Japani likatangaza kwamba limekata tamaa ya kukiokoa chombo hicho.

Hasara ilikuwa ya nani? Ya walipa kodi wa Japani kwanza, na ya washirika wao. Na wao walifanya nini? Walichunguza, wakaandika hatua kwa hatua makosa yalipofanyika, yakiwemo makosa ya watu na ya utaratibu, wakayatoa hadharani ili kila mtu asome. Kisha wakajenga tena. Septemba 2023 wakarusha XRISM. Mlango mdogo ulio mbele ya kifaa kile ukakataa kufunguka! Lakini hata mlango ukiwa umefungwa, eksirei zenye nguvu zinapenya, na kifaa kinafanya kazi, kinaleta matokeo. Miaka 23, mara nne, kifaa cha aina ileile.

Naeleza haya kwa sababu ya sisi hapa. Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha angani, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma na Wajapani haohao. Aprili 2023 Shirika la Anga la Kenya likarusha Taifa-1 kutoka California, baada ya kuahirishwa mara kadhaa. Taifa-1 iligharimu takriban shilingi milioni 50. Nakumbuka manung'uniko: pesa zote hizo, na watu wana njaa? Swali hilo si la kubezwa, na mwenye njaa ana haki ya kuuliza. Lakini je, siku setilaiti yetu itakapokufa wiki tatu baada ya kurushwa, tutasema nini? Nasema siku hiyo itakuja. Imewafikia Wajapani, imewafikia Wamarekani, itatufikia na sisi. Kama wananchi hawakuambiwa mapema kwamba hasara imo ndani ya kazi hii, watadhani wameibiwa. Na kama wakubwa wataficha ripoti, basi wananchi hawatakuwa wamekosea kudhani hivyo.

Nasema tena: hasara imo ndani ya kazi hii. Ihesabiwe mapema, itangazwe mapema, na ikitokea ielezwe wazi kama walivyofanya JAXA.

Lakini iko hasara ya namna nyingine, wasikilizaji, na hii hairuki na kutulia juu. Inashuka.

Tarehe 30 Desemba 2024, katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, watu walisikia kishindo. Kilikuwa kimeanguka kitu cha chuma cha mviringo, upana wake mita mbili na nusu hivi, uzito wake kama kilo 500. Kilianguka mchana, kikiwa bado cha moto. Shirika la Anga la Kenya lilifika, likakichukua, na likaeleza kwamba kwa uchunguzi wa awali kilikuwa pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Hakuna aliyeumia, tumshukuru Mungu. Kilo 500! Mbuzi wangapi, nyumba gani, mtoto gani angekuwa pale?

Hasara ile ingekuwa ya nani? Uko mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unaosema kwamba nchi iliyorusha chombo inawajibika kulipa kikileta madhara ardhini, bila hata kuhitaji kuthibitishwa kwamba ilizembea. Mkataba mzuri. Lakini ili ulipwe, lazima kwanza ijulikane chuma ni cha nani. Mkulima wa Makueni hawezi kusoma alama za kiwandani zilizoungua. Hiyo ni kazi ya serikali yake.

Na sisi watu wa ikweta tuna sababu ya pekee ya kulifuatilia jambo hili. Nimewaambia kwamba njia ya ikweta inapendwa kwa setilaiti za eksirei kwa sababu ya utulivu wake. Sasa tazameni upande wa pili wa faida hiyo. Waitaliano na Waholanzi walikuwa na setilaiti ya eksirei iitwayo BeppoSAX, iliyorushwa mwaka 1996 kwenye njia iliyoinama nyuzi nne tu kutoka ikweta. Kazi yake ilikuwa tukufu. Mwaka 1997 iliwezesha wanasayansi, kwa mara ya kwanza, kuona mng'ao unaobaki baada ya mlipuko wa miali ya gama, na hatimaye kujua kwamba milipuko ile hutokea mbali sana, nje ya galaksi yetu. Hilo lilikuwa fumbo la miaka mingi. Lakini BeppoSAX ilipokufa haikuwa na namna ya kuongozwa ianguke wapi. Na kitu kinachozunguka juu ya ikweta kitaangukia ikweta. Hakiwezi kuangukia London. Kwa hivyo nchi zilizokuwa chini ya njia yake ndizo zilizopaswa kuwa macho: sisi, Uganda, Kongo, Gabon, Indonesia, Brazili na nyinginezo. Nairobi iko nyuzi moja na kidogo kusini mwa ikweta. Woodley hii ilikuwa ndani ya ukanda huo. Aprili 2003 vipande vyake viliangukia Bahari ya Pasifiki.

Mimi sisemi haya ili watu waogope kutembea nje. Uwezekano wa chuma cha angani kumpata mtu mmoja ni mdogo mno. Boda boda za barabara yetu ya Joseph Kang'ethe ni hatari kubwa zaidi kwa maisha yako leo jioni. Nasema ili tujue kwamba sisi tayari tumo. Watu husema anga ni mambo ya mataifa makubwa. La. Tunabeba sehemu ya hatari, basi tuna haki ya sehemu ya elimu.

Na elimu yenyewe inapita mlangoni mwetu. Pengine hili ndilo litakalowashangaza wengi. Roketi ya mwisho iliruka kutoka San Marco mwezi Machi 1988, na watu wakadhani kituo kimekufa. Hakikufa. Antena za kituo cha Malindi ziliendelea kusikiliza. Habari zote za BeppoSAX zilishukia Malindi kabla ya kwenda Roma. Setilaiti Swift, iliyorushwa Novemba 2004, na NuSTAR ya mwaka 2012, zote za kutazama eksirei, zimetumia Malindi kushusha habari zao. Desemba 2021 ikarushwa IXPE, ya Wamarekani na Waitaliano, na imewekwa juu ya ikweta kama ilivyowekwa Uhuru, kwa sababu zilezile. Nayo hupita juu ya pwani yetu kila baada ya saa moja na nusu hivi na kuzungumza na Malindi. Mashimo meusi na nyota zilizokufa, habari zake zinateremkia Kaunti ya Kilifi kwanza, halafu ndipo zinavuka bahari.

Je, mwanafunzi wa fizikia pale Chiromo, Chuo Kikuu cha Nairobi, anajua hilo? Mwalimu wa sekondari pale Gongoni je? Mwaka 2016, huko Trento, Kenya na Italia zilitia saini mkataba mpya juu ya kituo hicho, na ndani yake kuna mafunzo kwa Wakenya, ushirikiano na Shirika letu la Anga, na haki ya kupata habari za setilaiti. Mimi ningependa kuona wabunge wetu wakiuliza kila mwaka, bila kuchoka: vijana wangapi wamefunzwa, wametoka wapi, na sasa wanafanya kazi gani? Wa Ngomeni wamo? Nchi iliyotoa bahari yake, na ikatoa hata jina, haistahili kubaki mlinzi wa lango.

Tena, wasikilizaji, hakuna haja ya kungoja wabunge. Hazina za habari za Uhuru, za Swift, za NuSTAR na za IXPE ziko wazi kwenye intaneti, bure. Programu za kuzichambua nazo ni bure. Kijana mwenye kompyuta ya kawaida na mwalimu mwenye subira anaweza kuchukua vipimo vya Cygnus X-1 leo hii na kuanza kujifunza kuvisoma. Kama wewe ni mwalimu wa fizikia hapa Woodley, Kibera au Kawangware, na ungependa kuanzisha kikundi cha vijana cha kazi hiyo, tuandikie hapa studio. Nitasoma barua zote, na watakaokubali tutawakutanisha hapahapa hewani.

Na ndugu zangu wa Makueni na kwingineko, mkiona chuma kigeni kimeanguka shambani, msikiguse, maana kinaweza kuwa na moto au mabaki ya mafuta yenye sumu. Wekeni watoto mbali, mwiteni chifu, na pigeni picha ya alama zozote zilizoandikwa juu yake. Picha hiyo ndiyo itakayosaidia kumpata mwenye mali.